Umeandikiwa Amitriptilini na Daktari wa Simuni? Namna ya Kuielewa na Kuinywa Mpaka Ifanye Kazi

Mama mmoja wa makamo alikuja dirishani kwenye duka la dawa ninalofanya kazi, ameshika pakiti ya vidonge 28 vya amitriptilini. Vitatu tu ndivyo vilivyokuwa vimetolewa.

"Mwanangu, nirudishie hela yangu. Dawa hii imenishinda. Siku ya tatu leo, miguu inawaka vilevile, na mchana nasinzia kama kuku mwenye mdondo."

"Pole sana, mama. Unakunywa saa ngapi?"

"Asubuhi, baada ya chai."

Kumbe daktari bingwa, waliyeongea kwa simu ya video, alimwambia anywe usiku. Mtandao ukakatika hapohapo. Mama akasikia "kimoja kwa siku" tu, na mengine hakuyapata.

Watu wa aina yake nawapokea kila wiki. Dawa ni sahihi, daktari ni wa kweli, lakini mtu anaishia njiani kabla dawa haijaanza kazi. Makosa ni yaleyale, ndiyo maana nimeyaandikia mwongozo huu. Ni wa mtu mzima ambaye ameshaandikiwa amitriptilini, au yuko mbioni kuongea na daktari wa akili au wa mishipa ya fahamu kwa njia ya mtandao. Si wa kukusaidia ujinunulie mwenyewe. Hii ni dawa ya cheti, na sababu utaziona huko mbele.

Jambo moja likae kichwani tangu sasa: daktari wa simuni anaona uso wako na ukuta ulio nyuma yako. Haoni unavyoyumba ukisimama, hausikii moyo wako, wala hajui kilichomo kwenye kabati lako la dawa. Hayo yote wewe ndiye wa kumwonyesha, na karibu kila hatua hapa chini ni ya kumwonyesha jambo ambalo kamera haioni.

## Viandae hivi kwanza

- Mfuko mmoja wenye dawa zote unazotumia nyumbani: za presha, kisukari, ARV, TB, uzazi wa mpango, kikohozi, za kienyeji, hata zile za maumivu unazonunua moja moja.
- Vipimo vya presha na mapigo ya moyo, umekaa na umesimama. Zahanati au duka la dawa lenye mashine watakupimia.
- Uzito wako, na sukari kama una kisukari.
- Majibu ya ECG, yaani kipimo cha umeme wa moyo, kama umevuka miaka 40, una ugonjwa wa moyo, umewahi kuzimia, au kwenu kuna mtu aliyekufa ghafla akiwa kijana.
- Daftari na kalamu.
- Mtu mmoja unayeishi naye, ambaye atajua umeanza dawa.
- Sanduku au droo yenye kufuli.
- Simu yenye chaji, bando la kutosha, na chumba ambacho utasema bila kunong'ona.

Presha pimwa hivi: kaa umetulia dakika 5, pima, andika. Simama, subiri dakika 1 hadi 3, pima tena, andika. Dawa hii hushusha presha ya mtu anaposimama, na kama yako inashuka tayari hata kabla ya kidonge cha kwanza, daktari lazima ajue. Hili watu wengi hulipuuza, na ndilo linalowaangusha wazee njiani kwenda chooni usiku.

## Hatua ya 1: Hakikisha unayeongea naye ni daktari

Muulize jina lake kamili na namba yake ya usajili. Daktari wa kweli haoni haya kuitoa. Tanzania Bara madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Kenya ni baraza linalojulikana kwa kifupi KMPDC. Mabaraza yote mawili yana orodha za kuangalia mtandaoni.

Mtu anayekuandikia dawa ya akili kwa ujumbe wa maandishi tu, bila kukuuliza umri, mimba, moyo wala dawa nyingine, mwache. Vilevile anayeiuza dawa yeye mwenyewe na kuituma kwa bodaboda bila cheti.

Kwa walioko Oman na nchi za Ghuba wanaoongea na daktari wa nyumbani: duka la dawa la huko laweza kukataa cheti cha daktari wa nje, na dawa za akili zina masharti makali mpakani. Ushauri wa daktari wa nyumbani utakufaa, ila cheti kitafute kwa daktari wa hukohuko uliko.

Umefaulu hatua hii ukiwa na jina, namba ya usajili, na njia ya kumpata daktari huyohuyo baada ya wiki mbili.

## Hatua ya 2: Jua umeandikiwa kwa ajili gani

Hapa ndipo mkanganyiko mkubwa ulipo, na sehemu ya kosa ni ya lugha yetu. Neno "mishipa" tunalitumia kwa mishipa ya damu na mishipa ya fahamu. Mgonjwa anaambiwa "hii ni dawa ya mishipa", anakwenda nyumbani akidhani itazibua damu. Mwingine anasoma mtandaoni kwamba ni dawa ya sonona, anakasirika: "Mimi nina ganzi miguuni, kwa nini ananiona mwendawazimu?"

Amitriptilini hufanya kazi kwenye mishipa ya fahamu, ile inayobeba habari kati ya mwili na ubongo. Huzifanya serotonini na noradrenalini, kemikali mbili za kupeleka ujumbe, zikae muda mrefu zaidi pale zinapohitajika. Kemikali hizo zina kazi kwenye hali ya moyo na mawazo. Lakini zina kazi nyingine kwenye uti wa mgongo: ndizo breki ambazo ubongo hutumia kupunguza kelele za maumivu zinazopanda kutoka miguuni, mikononi au usoni. Dawa inaikaza breki hiyo. Ndiyo maana hupunguza maumivu hata kwa mtu ambaye hana sonona kabisa.

Basi muulize daktari wazi: "Daktari, hii umenipa kwa sababu gani hasa?" Jibu litakuwa mojawapo ya haya, au mawili kwa pamoja:

Maumivu ya mishipa ya fahamu. Miguu kuwaka moto, kuchomwachomwa sindano, shoti kama ya umeme, ngozi kuuma kwa kuguswa na shuka tu. Hutokana na kisukari, na VVU, au hubaki baada ya mkanda wa jeshi kukauka.

Sonona. Huzuni isiyoondoka, kukosa hamu na mambo uliyoyapenda, usingizi kuvurugika, kujiona huna thamani.

Kuzuia kipandauso kinachorudi mara kwa mara.

Kwa nini ujue? Kwa sababu dozi na muda hutofautiana. Kwa maumivu wengi huanzishwa miligramu 10 au 25 usiku, na hupandishwa polepole, mara nyingi isizidi 75. Sonona huhitaji zaidi, pengine hadi 150, chini ya uangalizi. Ukijilinganisha na jirani aliyepewa kwa sababu nyingine, utajiumiza.

Tahadhari: dawa inapunguza maumivu, haiondoi chanzo. Kama unatumia isoniazidi ya TB, uliza kuhusu vitamini B6. Kama umetumia metformini ya kisukari miaka mingi, uliza kuhusu B12, kwa kuwa metformini huweza kuishusha, na upungufu wake nao huleta ganzi. Na sukari isipodhibitiwa, mishipa inaendelea kuharibika hata kama maumivu yamenyamaza.

Umefaulu ukiweza kumweleza mwenzio kwa sentensi moja: "Nakunywa hii kwa ajili ya…"

## Hatua ya 3: Mwambie daktari yale ambayo kamera haioni

Usingoje akuulize. Simu ina dakika chache, na mtandao wetu mnaujua. Andika haya kwenye daftari na uyasome mwanzo kabisa wa maongezi, hata kabla ya kueleza maumivu.

Moyo: umewahi kupata shambulio la moyo, mapigo yasiyo sawa, kuzimia? Dawa hii inagusa umeme wa moyo, na mtu aliyetoka kwenye shambulio la moyo hapewi.

Macho: glakoma, au presha ya macho kama wengi wanavyoiita.

Mkojo: wanaume, hasa kuanzia miaka 50, kama mkojo unatoka kwa kukatika au unasubiri sana, sema. Tezi dume iliyovimba pamoja na dawa hii huweza kuufunga mkojo kabisa. Nimewaona wazee wanaona aibu kulisema hili mbele ya daktari wa kike kwenye skrini. Baba yangu, aibu ya dakika moja ni nafuu kuliko mpira wa mkojo saa nane za usiku.

Kifafa. Ini. Mimba au kunyonyesha.

Vipindi vya kuchangamka kupita kiasi: uliwahi kukaa siku kadhaa hulali, una nguvu tele, unaongea bila kukoma, unatumia hela ovyo? Hata kama ilikuwa miaka 10 iliyopita, na hata kama ulijisikia vizuri sana, sema. Huenda sonona yako ni upande mmoja wa ugonjwa wenye pande mbili, na dawa hii ikipewa peke yake huweza kukurusha upande wa pili.

Pombe na mirungi: taja kiasi halisi. Daktari hakutafutii kesi.

Na hili la mwisho ni gumu kuliko yote. Kama umewahi kuwaza kujiua, au unawaza sasa, mwambie. Vidonge hivi vikimezwa vingi kwa pamoja huvuruga moyo na huua, kwa hiyo daktari anayejua atakupa vya wiki moja au mbili tu kwa wakati, na atamwomba mwenzio avitunze. Huko ni kukulinda, asikufiche mtu. Wapo wanaonyamaza wakiogopa polisi. Kuwa na mawazo hayo na kuyasema kwa daktari si kosa la jinai. Kwa upande wa kujaribu kujiua, Kenya Mahakama Kuu iliamua Januari 2025 kwamba kifungu cha sheria kilichokuwa kinawaadhibu waliojaribu ni kinyume cha katiba.

Ukimaliza kusoma orodha yako, daktari anatakiwa akuulize maswali ya nyongeza. Asipouliza hata moja, muulize wewe: "Kuna lolote kati ya haya linalokuzuia kunipa dawa hii?"

## Hatua ya 4: Mwaga mfuko wa dawa mezani

Washa kamera, mwonyeshe pakiti moja moja. Usitegemee kumbukumbu. Zinazoleta shida mara nyingi kwa watu wetu ni hizi.

Tramadoli ya maumivu. Imeenea mno, na wengi huipata bila cheti. Pamoja na amitriptilini huongeza hatari ya degedege, na ya mwili kujaa serotonini kupita kiasi: kutetemeka, jasho, homa, misuli kukakamaa, kuchanganyikiwa.

Fluoksetini, na ndugu zake wa kutibu sonona. Hupandisha kiwango cha amitriptilini kwenye damu. Daktari anaweza kuzichanganya akijua, wewe usizichanganye.

Flukonazoli ya fangasi. Nayo hupandisha kiwango.

Linezolidi, inayotumika kwenye TB sugu. Hiyo na amitriptilini hazikai pamoja bila uamuzi wa daktari wa TB mwenyewe.

Dawa mseto ya malaria, ALu. Hili linasahaulika kila siku. Dawa mseto hupunguza uwezo wa mwili wa kuondoa amitriptilini, na zote mbili zinagusa mwendo wa umeme wa moyo. Usiache kutibu malaria hata kidogo! Lakini ukipimwa na kukutwa nayo, neno la kwanza kwa mganga wa zahanati au hospitali liwe: "Natumia amitriptilini." Atachagua dawa au atakuambia la kufanya. Kwinini vivyo hivyo.

Piriton na dawa za mafua zinazoleta usingizi huongeza kusinzia, kukauka kinywa na kufunga choo. Pombe huongeza kusinzia na kuanguka.

Umefaulu ukiwa na orodha moja iliyoandikwa, ambayo daktari ameiona yote. Ipige picha ikae simuni. Utaihitaji kila utakapokwenda hospitali.

## Hatua ya 5: Soma cheti kabla hujatoka dukani

Kwenye pakiti jina limeandikwa Amitriptyline. Zinazopatikana zaidi ni za miligramu 25, zipo pia za 10, 50 na 75. Linganisha namba ya kwenye cheti na namba ya kwenye pakiti kwa macho yako mwenyewe. Angalia na tarehe ya mwisho wa matumizi.

Vyeti vyetu vimejaa alama. Hizi ndizo utakazoziona:

"Nocte" ni Kilatini, maana yake usiku.

"2/52" ni wiki mbili. "1/12" ni mwezi mmoja. "5/7" ni siku tano. Nimeshamwona mtu aliyesoma 1/12 akadhani anywe kidonge kimoja kila baada ya saa 12.

Halafu kuna saa. Daktari akiandika 8 PM, au programu ya simu ikikukumbusha 8:00 PM, hiyo ni saa 2 usiku. Dada mmoja alikuwa anaweka kengele ya kuamka saa 8 usiku kila siku ili anywe dawa, akaenda kazini asubuhi hajielewi, kwa wiki nzima. Andika kwa kalamu juu ya pakiti: SAA 2 USIKU.

Usikubali kubadilishiwa dawa dukani kwa sababu "hizi zinafanana" bila daktari kuambiwa. Na ukipewa vidonge kwenye kijibahasha kisicho na jina la dawa, nguvu yake na namna ya kunywa, virudishe dirishani viandikwe.

## Hatua ya 6: Usiku wa kwanza na wiki mbili zinazofuata

Kunywa saa 1 au saa 2 usiku kama unalala saa 4. Sababu ni rahisi: usingizi wa dawa huanza baada ya muda na hudumu saa nyingi. Ukinywa saa 6 usiku, asubuhi utaamka na mang'amung'amu. Kwa chakula au bila chakula, sawa. Kwa wanaofunga Ramadhani, inywe baada ya kufuturu, usiipeleke kwenye daku, la sivyo mchana wote utasinzia.

Usiku wa kwanza uwe ambao kesho yake huna safari. Usiendeshe gari wala bodaboda, usiingie baharini, usishike mashine mpaka ujue dawa inakufanyaje. Kwa kawaida siku chache za mwanzo ndizo nzito.

Weka tochi karibu na kitanda. Ukiamka kwenda haja, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda, hesabu polepole hadi 30, ndipo usimame ukishika kitu. Kama choo kiko nje, mtu akusindikize siku za mwanzo.

Maudhi madogo utakayoyaona: kinywa kukauka kama umekula unga mkavu, choo kigumu, macho kuona ukungu unaposoma, hamu ya kula kuongezeka, hasa vitamu. Yanakuja mapema, tena kabla ya faida. Hapa ndipo wengi wanapoiacha dawa, maana wiki ya kwanza wanaona hasara tu.

Kwa kinywa, piga funda za maji mara kwa mara. Soda usiiguse, kwa kuwa kinywa kikavu pamoja na sukari huozesha meno. Kwa choo, papai, mboga za majani, ukwaju, maji ya kutosha na kutembea. Siku tatu bila choo, mwambie daktari. Jipime uzito kila wiki.

Ukisahau dozi ya usiku mmoja, iache. Usinywe asubuhi, usinywe viwili usiku unaofuata.

Pakiti irudi kwenye droo yenye kufuli kila usiku, ufunguo usining'inie mlangoni. Vidonge vichache tu humuua mtoto mdogo, na vingi vina rangi ya kuvutia kama peremende.

Wiki mbili hizi umefaulu kama unalala vizuri zaidi, hujaanguka, na mchana unaanza kuwa mwepesi. Maumivu au huzuni kuwa palepale si kushindwa. Bado mapema.

## Hatua ya 7: Daftari, na simu ya pili

Kila jioni andika mstari mmoja. Tarehe. Maumivu kutoka 0 hadi 10. Hali ya moyo wako, yaani furaha au huzuni, 0 hadi 10. Idadi ya saa ulizolala. Maudhi. Dakika moja inatosha.

Kwa nini nakazania daftari? Kwa sababu nafuu ya dawa hii inakuja kimyakimya. Usingizi hutangulia, ndani ya siku chache. Maumivu ya mishipa huanza kulegea ndani ya wiki mbili hivi, na hukumu ya haki huja kwenye wiki ya 6 hadi ya 8, tena baada ya kufikia dozi inayotosha. Sonona huanza kuinuka wiki ya 2 hadi ya 4, nayo huhitaji wiki 6 au zaidi ili ijulikane. Mtu anayepona polepole hasemi "nimepona". Husema "nipo vilevile". Ukimwonyesha daftari lake la mwanzo ndipo anashtuka.

Yule mama wa vidonge vitatu nilimwomba ajaribu tena, baada ya kumpigia daktari wake tukiwa wote pale dirishani. Akaambiwa ahamishe dozi usiku, aandike kila siku. Wiki ya 5 alirudi na daftari la shule la mjukuu wake. Mstari wa kwanza: "Maumivu 9. Nimelala kwa saa 3. Siwezi kufunika miguu." Wa mwisho: "Maumivu 4. Nimelala kwa saa 6. Nimejifunika kanga." Alikuwa bado anasema dawa haijamponya. Nikamwekea kidole kwenye neno kanga. Akalitazama kwa muda, akafunga daftari, akaomba pakiti nyingine.

Kutoka 9 hadi 4 ni mafanikio makubwa kwa maumivu ya aina hii. Sifuri ni wachache wanaoifikia, na daktari mwaminifu atakuambia hivyo mapema.

Simu ya pili iwe wiki ya 2, ya tatu wiki ya 6. Kabla ya kila simu pima presha upya, umekaa na umesimama, na upige picha kurasa za daftari umtumie daktari siku moja kabla. Muulize mambo matatu: dozi ipande, ibaki au ishuke? ECG irudiwe? Vidonge vya mbele ni vya muda gani? Usijipandishie dozi mwenyewe hata kama nafuu ni ndogo na pakiti imejaa.

Kama wiki 8 zimepita kwa dozi iliyotosha na daftari halijasogea, basi dawa hii si yako. Zipo nyingine. Hilo ni jambo la kuzungumza na daktari, na halina aibu yoyote kwako.

## Hatua ya 8: Dalili ambazo hazisubiri simu ya video

Kwa haya usitafute bando. Nenda hospitali yenye dharura iliyo karibu. Tanzania na Kenya namba ya dharura ni 112, lakini kama kuna gari la jirani, panda.

Kuzimia, maumivu ya kifua, au moyo kwenda mbio bila kutulia. Degedege. Mkojo kugoma kabisa. Jicho kuuma ghafla, kuwa jekundu, na kuona duara za rangi kuzunguka taa. Homa, kutetemeka na kuchanganyikiwa kwa pamoja. Mtu yeyote, mkubwa au mtoto, kumeza zaidi ya dozi, hata kama anaonekana mzima: usimtapishe, usimpe maziwa, mpeleke na pakiti yake, maana hali huweza kubadilika ghafla.

Mawazo ya kujiua, mapya au yaliyoongezeka. Wiki za mwanzo, na kila dozi inapobadilishwa, zinahitaji jicho la karibu, zaidi kwa walio chini ya miaka 25. Mwili huweza kupata nguvu kabla moyo haujapata matumaini. Mwenzio wa nyumbani ajue hili kwa maneno yaliyo wazi, achukue vidonge vyote, asimwache mtu peke yake.

Na kuchangamka kusiko kwa kawaida: halali, hachoki, anapanga biashara tatu kwa usiku mmoja. Familia hufurahi wakidhani ndugu yao amepona. Mpigieni daktari siku hiyohiyo.

## Hatua ya 9: Kuacha

Kama unatumia kwa sonona, kujisikia mzima si tarehe ya kuacha. Kwa kawaida dawa huendelea angalau miezi 6 baada ya kupona, la sivyo ugonjwa hurudi. Kwa maumivu, daktari hupima kila miezi michache kama bado unaihitaji.

Usikate ghafla. Dawa hii haileti uteja wa kuitamani, lakini mwili umeizoea, na ukiikata kwa siku moja utapata kichefuchefu, kichwa, kukosa usingizi, hasira za bure na ndoto za kutisha. Wengi wakiona hivyo husema "ugonjwa umerudi". Mara nyingi ni kuikata tu. Aliyeitumia muda mrefu hushushwa hatua kwa hatua kwa wiki 4 au zaidi, na daktari atakuandikia kila wiki unakunywa kiasi gani.

Kwa hiyo hesabu vidonge. Vikibaki vya siku 7, omba cheti kipya, usingoje siku ya mwisho, maana daktari wa mtandaoni huenda hana nafasi wiki hiyo, na duka la karibu huenda limeishiwa.

Vikibaki baada ya kumaliza matibabu, usimpe shemeji mwenye ganzi wala usivitupe chooni. Virudishe dukani kwa mfamasia na pakiti yake, vihesabiwe mbele yako.